Moi aussi, moi non plus: kuitikia kwa Kifaransa ukiwa Usangi

Ukipanda na wageni kutoka Mwanga kwenda Usangi, huku Upare, mnapata muda wa kutosha wa kuzungumza. Gari linapita Kikweni, joto la tambarare linabaki chini, migomba inasogea karibu na barabara, na kabla hamjafika kila mtu ameshasema anapenda nini na hapendi nini. Huyu anapenda milima, yule hapendi vumbi, mwingine anapenda kahawa lakini si asubuhi na mapema. Hivyo ndivyo watu wasiojuana wanavyoanza kuzoeana, na Kifaransa kina taratibu zake katika jambo hili ambazo masomo ya darasani huzipitia mbiombio. Kijana aliyefaulu mtihani wa Kifaransa atasema bila shida "J'aime la montagne". Shida inakuja mgeni anapowahi kuisema yeye, na kijana anatakiwa kuitikia.

Kuitikia ndiko nitakakokaa zaidi. Sisi tunaojua uzito wa kuitikia salamu, ambao hatuwezi kumpita mzee njiani bila "shikamoo" na kungoja "marahaba" yake, hatuna sababu ya kulichukulia jambo hili kuwa dogo. Mtu akikwambia kwa Kifaransa kwamba anapenda ukungu wa asubuhi juu ya msitu wa Kindoroko, amekufungulia mlango. Ukijibu "oui" ukanyamaza, umeufunga bila kujua.

Wasemaji wa lugha hii wanaofika kwetu hawatoki Ufaransa peke yake. Wapo Wabelgiji, Waswisi na watu wa Quebec. Wapo pia majirani zetu wa Burundi, Rwanda na Kongo. Nchi mbili za kwanza zimo katika Jumuiya ya Afrika Mashariki tangu 2007, na Kongo iliingia 2022. Huko Arusha Kifaransa kilikuwa moja ya lugha mbili rasmi za Mahakama ya Kimataifa ya Rwanda mpaka ilipofungwa mwaka 2015, na hadi leo kinatumika katika Mahakama ya Afrika ya Haki za Binadamu na Watu iliyo mjini humo humo. Kwa hiyo kijana wa Upare anayejifunza Kifaransa hajifunzi lugha ya watu wa mbali tu. Anaweza kukisikia kwenye basi, Same stendi, kutoka kwa Mrundi anayekwenda Dar es Salaam.

Tuanze na majibu manne. Ukiyashika haya, robo tatu ya kazi imekwisha.

Mwenzako akisema anapenda kitu, nawe unakipenda, jibu ni "Moi aussi". Akisema hapendi, nawe hupendi, jibu ni "Moi non plus". Akisema anapenda, wewe hupendi, unasema "Pas moi", au "Moi non". Akisema hapendi, lakini wewe unapenda, unasema "Moi si". Hapo hakuna kitenzi cha kunyambua wala wakati wa kukumbuka. Ni maneno mawili au matatu tu, na mazungumzo yanasonga.

Kinachotukwamisha ni kwamba Kiswahili hakitudai tofauti kati ya jibu la kwanza na la pili. "Napenda mvua." "Hata mimi." "Sipendi mvua." "Hata mimi." Jibu ni lile lile, na kila mtu ameelewa. Kwa Kifaransa, mtu akikwambia "Je n'aime pas la pluie" ukamjibu "Moi aussi", atakuelewa, ila atasita kidogo, kwa sababu umemwitikia kana kwamba alisema kitu kingine. Kwa hiyo kabla ya kufungua kinywa, sikiliza umbo la sentensi: ni yakinishi au ni kanushi? Usiangalie kama maana yake ni nzuri au mbaya. Mgeni akisema "Je déteste la pluie", yaani anaichukia mvua, sentensi hiyo ni yakinishi ijapokuwa ndani yake mna chuki tupu. Unamjibu "Moi aussi". Akiugeuza usemi akasema "Je ne déteste pas la pluie", ambayo ni namna ya Kifaransa ya kusema kwamba mvua anaipenda kidogo kwa siri, unamjibu "Moi non plus".

Kuna mtego mwingine hapo hapo. Katika mazungumzo ya kawaida Wafaransa huliacha lile "ne" la ukanushi. Hawasemi "Je n'aime pas", wanasema "J'aime pas", na wakiharakisha "ne" huisikii kabisa. Sikio lako likae kwenye "pas". Hilo halidondoki. Na ukisikia "ne" bila "pas" lakini kuna "que" mbele yake, kama "Je n'aime que le thé", usidanganyike: huyo anasema anapenda chai tu, si kitu kingine. Hiyo haihesabiki kuwa kanushi, na jibu lake ni "Moi aussi".

Matamshi nayo yana umuhimu wake, maana jibu ni fupi na likiharibika hakuna neno jingine la kulisaidia. "Moi" ni "mwa", neno jepesi kwetu. "Aussi" ni "osi". "Non plus" ndiyo inayotaka mazoezi. "Non" inatoka puani, wala usiimalizie kwa kufunga ulimi kwenye "n". Katika "plus" ile "s" ya mwisho haitamkwi, na irabu yake haipo katika Kiswahili: sema "i" huku midomo umeichongoa kama unayesema "u". Fanya hivyo mbele ya kioo. Usione haya.

Majibu haya hayaishii kwenye "moi" peke yake. Unaweza kujibu kwa niaba ya wengine: "Nous aussi", "Mon père aussi", "Ma mère non plus", "Elle si, mais pas lui". Kwa anayewapokea wageni nyumbani kwa wazazi wake jambo hili lina faida kubwa, kwa sababu mara nyingi yeye ndiye mdomo wa nyumba nzima. Bibi akitikisa kichwa pembeni kwamba hata yeye hapendi baridi, unamwingiza kwenye mazungumzo kwa maneno manne: "Ma grand-mère non plus". Mgeni atamgeukia bibi na kucheka naye.

Sasa tuje kwenye ndiyo na hapana, ambako mtu anaweza kulaza mgeni njaa. Umempokea mama wa Kifaransa, umesikia fununu kwamba hali nyama, unamwuliza ili kuhakikisha: "Vous ne mangez pas de viande ?" Anajibu: "Non." Mtu anayefikiri kwa Kiswahili anaweza kusikia "hapana, si hivyo, nakula", akaenda jikoni kuagiza nyama ya mbuzi. Mama wa watu alimaanisha "hapana, sili". Kwetu jibu linaitikia kauli ya muulizaji: "Huli nyama?" "Ndiyo, sili." Kwao jibu linafuata ukweli wenyewe: hali nyama, basi ni "non". Na kama anakula, hasemi "oui", anasema "si": "Si, si, j'adore la viande !" Hiyo "si" ndiyo ile ile ya "Moi si", na haina uhusiano wowote na "si" yetu ya kukanusha. Kazi yake ni moja, kuupindua ukanushi wa aliyetangulia kusema. Ukiwa na wasiwasi, swali la usalama ni lile lisilo na ukanushi: "Vous mangez de la viande ?" Hapo "oui" ni oui na "non" ni non.

Na mgeni akisema "Je suis allergique aux arachides", hilo halimo tena katika mambo ya kupenda na kutopenda. Karanga zinaweza kumdhuru. Usimjibu "moi aussi" wala usimbembeleze aonje. Mjulishe mpishi wakati huo huo.

Kupenda kwenyewe kuna ngazi, na ngazi za Kifaransa zimepangwa kwa namna inayomshangaza Mswahili. Juu kabisa kuna "J'adore". Chini yake "J'aime beaucoup". Kisha "J'aime bien", ambayo ni "napenda, ni kizuri", bila msisimko mkubwa. "C'est pas mal" ikisikika inaonekana ni lawama, kumbe ni sifa ya kweli; mtu aliyepanda Kindoroko mpaka juu, akaliona Ziwa Jipe kule chini na nchi ya Kenya ng'ambo yake, akasema "C'est pas mal", ameridhika. "Pas trop" ni kukataa kwa upole. "Pas du tout" ni kukataa kabisa. Katikati kuna kasauti "bof", kanakotoka pamoja na kupandisha mabega, maana yake ni kwamba kitu hakijamgusa huku wala kule.

Angalia "bien". Kwetu neno la kuongeza huongeza: napenda, napenda sana, napenda mno. Kwao "bien" baada ya "aimer" hupunguza. Kwa vyakula na mandhari tofauti hiyo haina madhara. Kwa watu ina madhara. "Je t'aime" ni maneno ya wapendanao, au ya mzazi kwa mtoto wake. "Je t'aime bien" ni ya rafiki kwa rafiki. Kwa Kiswahili tunaweza kumwambia mgeni kwa moyo safi "tunawapenda sana wageni wetu, nawe tunakupenda", na hakuna anayeshtuka. Lakini kijana akimwambia mgeni wa kike "Je vous aime", ametamka jambo zito bila kukusudia, na siku iliyobaki itakuwa na ukimya wa ajabu. Sema "Je vous aime bien" ikiwa mmeshazoeana kweli, au bora zaidi sifia tendo: "J'aime bien parler avec vous", napenda kuzungumza nawe. Kitenzi kinachofuata "aimer" kinakaa mara moja bila kiunganishi chochote, "aimer marcher", "aimer chanter", kama vile sisi tunavyosema kupenda kutembea.

Kuna kosa jingine la jamii hiyo hiyo, nalo linatokana na uzuri wa sarufi yetu. Mgeni anauliza "Vous aimez le taro ?", unapenda magimbi? Kiswahili kinakuvuta kusema "nayapenda", ukitafuta kiambishi cha mtendwa, nawe unasema "Je l'aime". Masikioni mwa Mfaransa hiyo ni "nampenda", kama vile kuna mtu. Kwa vitu vya jumla wao hutumia "ça": "J'aime ça", "J'adore ça". Au wanaacha kitenzi kisimame chenyewe: "Oui, j'aime bien." "Oui, j'adore." Hicho ndicho Kifaransa cha mezani, na ni rahisi kuliko kile ulichokuwa unakitafuta.

Tukae kidogo mezani. Makande yameletwa, yamekolea nazi, na chai ya tangawizi iko kwenye chupa. Mgeni anaonja, anasema "C'est bon, j'aime bien". Kijana anamgeukia mama yake: "Anasema anapenda sana." Hapo amezidisha, na mama ataongeza sahani nyingine kabla ya ile ya kwanza kuisha. Tafsiri ya haki ni "anasema ni kizuri, amekipenda". Kisha mgeni anashika kikombe na kusema kwa sauti ya chini, "J'aime pas trop le gingembre, par contre." Yaani tangawizi ndiyo haimwendei vizuri. Kijana, ambaye kwa kweli anapenda tangawizi kama watu wengi waliokua milimani huku, ana njia mbili. Akijibu "Moi aussi" kwa kutaka kumpendeza, amekosea sarufi na amekosea ukweli. Akijibu "Ah, moi si ! J'adore ça, surtout le matin, quand il fait froid", mgeni atauliza asubuhi huku baridi inafika wapi, tangawizi inalimwa wapi, na kijana ataanza kumweleza habari za Mamba Miamba kule Upare Kusini ambako wanailima kwa wingi. Jibu la kutokubaliana limezaa mazungumzo ya nusu saa.

Mezani hapo hapo kuna vineno vidogo vinavyotoa jasho: le, la, les. Kiswahili hakina kitu cha namna hiyo, nasi tunavidondosha: "J'aime café". Kanuni ni rahisi kuliko inavyofundishwa. Baada ya vitenzi vya kupenda na kuchukia weka "le", "la" au "les" daima, hata katika kanushi: "J'aime le café", "Je n'aime pas le café". Unakizungumzia kitu chote kwa jumla, kahawa kama kahawa. Baada ya kula na kunywa unazungumzia sehemu tu ya kitu, hivyo ni "Je bois du café", na ukikanusha inakuwa "Je ne bois pas de café". Watu wawili wanaweza kukutana katika sentensi zote mbili: "Je n'aime pas l'alcool." "Moi non plus, je ne bois pas d'alcool." Mfano huu una mahali pake kwetu, kwa sababu mgeni akiletewa dengelua, pombe ya miwa, atashangaa kwamba anayemkaribisha haigusi. Usangi ina Waislamu wengi, na kule Upare Kusini, ambako Wasabato walifungua misheni yao mwaka 1903, wapo wengi wasiogusa pombe wala kahawa. Kusema "Moi, je n'en bois pas, mais goûtez !" ni adabu tosha: mimi sinywi, lakini wewe onja.

Maharage ya kwenye makande yanastahili sentensi moja. "Les haricots" hutamkwa "le ariko", bila kuunganisha "z" kati ya maneno mawili, tofauti na "les oranges", ambayo ni "lezoranj". Na "maïs", mahindi, ni "ma-is" huku "s" ikisikika.

Kuchagua kati ya viwili, njia ya haraka ni "plutôt". "Vous êtes plutôt thé ou plutôt café ?" "Plutôt thé." "Moi aussi." Ukitaka sentensi kamili, "préférer" inachukua "à" mahali ambapo sisi tunaweka "kuliko": "Je préfère la montagne à la mer." Wengi huweka "que" kwa sababu wanakumbuka kulinganisha, waiache. Na kama unaeleza unachotaka sasa hivi, si unachokipenda siku zote, tumia "J'ai envie de": "J'ai envie de marcher un peu." Mgeni akijibu "Ça ne me dit rien", hajasema kwamba haelewi. Anasema hana hamu nalo leo. Usimsukume.

Kuna pia kitenzi "plaire", na hiki kimekaa kinyume na "aimer". Kitu ndicho kinachotenda, mtu anatendewa: "Ça me plaît", hiki kinanipendeza. Sisi tunacho kitenzi cha namna hiyo hiyo, kwa hiyo tusikiogope. Kinafaa zaidi kwa kitu kilicho mbele ya macho: mmefika kwenye ndiva, bwawa la kumwagilia mashamba, maji yametulia, mkulima anangoja zamu yake ya kumwagilia, nawe unauliza "Ça vous plaît ?" Akisema kwamba panampendeza, basi, kwa kuwa mtu hapo ni mtendewa, jibu safi la kuungana naye ni "À moi aussi". Utasikia pia watu wakisema "Moi aussi, ça me plaît", na hakuna atakayekusahihisha.

Kuungana na mtu hakuishii kwenye majibu mafupi. Mkishagundua kwamba mnapenda kitu kimoja, kuna maneno ya kulifurahia jambo hilo. "On a les mêmes goûts", tunapenda mambo yale yale. "On aime tous les deux la forêt", sote wawili tunapenda msitu. "Ça tombe bien !" hutumika pale kupenda kwenu kunapokutana na ratiba: amesema anapenda ndege, na kesho mlipanga kupita msituni. Zingatia "on" hiyo. Vitabu hufundisha "nous aimons", na ni sahihi, lakini barabarani na jikoni Wafaransa husema "on aime". Ukiitumia unasikika kama mtu aliyekaa na watu, na pia unapumzika kunyambua kitenzi kigumu.

Ushauri wangu mkubwa hapa ni kwamba usikubaliane kwa kila kitu. Malezi yetu yanatufundisha kumpendeza mgeni, nami nayaheshimu malezi hayo. Lakini mtu akisema mambo kumi ukaitikia "moi aussi" mara kumi, hajui bado wewe ni nani. Katika maongezi ya Kifaransa kutofautiana kwa upole ni namna ya kumheshimu mwenzako, ya kuonyesha kwamba umesikiliza na una lako. Kinachotakiwa ni nyongeza baada ya jibu. "Moi aussi, surtout avec du lait." "Pas moi, c'est trop sucré pour moi." "Moi non plus, mais mes enfants adorent." "Surtout", "sauf", "mais", "parce que": hivi ndivyo vishikizo. Baada ya nyongeza rudisha mpira kwa "Et vous ?" Kosa la wanaoanza ni kuisahau "Et vous ?", wakabaki wanahojiwa kama wako kituo cha polisi.

"Et vous" au "Et toi"? Anza na "vous" kwa kila mtu mzima usiyemjua. Wao hawana shikamoo, na sehemu kubwa ya heshima ambayo sisi tunaibeba kwa salamu, kwa mama, baba, mzee na bibi, kwao imebebwa na neno hilo. Watu wa Quebec huhamia "tu" mapema. Mfaransa mwenye umri anaweza kungoja siku kadhaa. Akikwambia "On peut se tutoyer", amekukaribisha, nawe mfuate. Mkisafiri na Wakongo, "vous" kwa mkubwa wako ni lazima kama huku kwetu. Mkiwa wawili, huenda mtahamia Kiswahili kabla hamjafika kwenye "tu", hasa akiwa mtu wa Bukavu au Goma.

Mazoezi hayahitaji darasa. Wawili wenye nia wanaweza kuyafanya wakishuka sokoni. Mmoja anataja anachokiona na kusema anakipenda au hakipendi, mwingine anaitikia papo hapo kwa moja ya majibu manne, kisha anaongeza sababu kwa maneno matatu. Bananes, taro, canne à sucre, brouillard, poussière, chèvres. Fanyeni makusudi kuchanganya yakinishi na kanushi, na mara nyingine mwanzishaji adondoshe "ne" ili sikio lizoee kuitafuta "pas". Mkikosea msirudi nyuma kusahihisha kila neno. Endeleeni na kitu kinachofuata, sahihisheni mkifika. Kwa kusikiliza, Redio Ufaransa ya Kimataifa, RFI, ambayo idhaa yake ya Kiswahili ilianza 2010, ina pia taarifa ya habari ya Kifaransa chepesi, inayosomwa kwa uwazi na kuelezea maneno magumu. Na walio karibu na Arusha au Dar es Salaam wanaweza kufika Alliance Française. Ila kwa hili tunalolizungumzia, mtu mmoja wa kubishana naye juu ya tangawizi anafaa kuliko rekodi nyingi.

Bado kuna kuagana, na kuagana kunataka sikio kuliko yote yaliyotangulia. Mgeni anasema "J'ai beaucoup aimé Usangi". Hapo "Moi aussi" haikai vizuri kwa mwenyeji. Wewe hukuja Usangi kutembea. Sema "Ça me fait plaisir", nafurahi kusikia hivyo, au ungana naye kwenye kile mlichofanya pamoja: "Moi aussi, j'ai beaucoup aimé marcher avec vous." Akikutakia "Bonne journée !" au "Bonne continuation !", jibu ni "Merci, à vous aussi", kwa sababu heri hiyo unairudisha kwake. Na akisema "Vous allez me manquer", ulimi utakimbilia "Moi aussi". Uzuie. "Manquer" ni ndugu wa "plaire", imekaa kinyume: anayekosekana ndiye mtenda wa sentensi. Amesema kwamba wewe utakosekana kwake, nawe unataka kusema kwamba yeye naye atakosekana kwako. Jibu ni "Vous aussi", na ukiweza kulifikisha mpaka mwisho kwa niaba ya nyumba nzima, "Vous aussi, vous allez nous manquer".